Walioniambia Nisilie Mpaka Misa Iishe

Kuna siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, na nilikuwa nimeifungia ndani huko ikatulia, mpaka ulipoingia wewe asubuhi hii ukaifungulia mlango. Umekuja na adabu zako, shikamoo bibi, nami nikaitikia marahaba, nikadhani umeniletea habari za mazoezi ya kwaya. Kumbe umetumwa. Kamati ya sikukuu imekaa, imejadili, imeamua, na katibu wa kwaya, yaani wewe Stela, mjukuu wangu wa damu, umepewa kazi ya kuja kunibembeleza. Haya. Vuta hicho kigoda ukae. Na hiyo simu iweke chini, kamati itasubiri.

Hebu nirudie ulichosema, usije ukaenda kusema bibi kasikia vibaya. Neema, yule anayepika vitumbua hapo nyuma ya kanisa, amefiwa na mtoto. Gari lililokuwa linakimbilia sikukuu limemgonga mtoto wake, na dereva hakusimama hata kuangalia amegonga nini. Mtoto amezikwa jana. Neema analia. Analia mchana, analia jioni, na nyumba yake na kanisa vimetengwa na ukuta mmoja tu. Kesho ni mkesha wa Noeli. Kuna kwaya mbili zinatoka Dar, kuna wageni, kuna fulana mmeshonesha, na sauti ya Neema inapenya mpaka kwenye vipaza sauti vyenu. Kwa hiyo mnaona ingekuwa vizuri mtu mzima anayeheshimika aende kumshauri apelekwe kwa kaka yake Msata, akapumzike kidogo, arudi sikukuu ikishapita. Na mtu mzima huyo ni mimi.

Akapumzike! Jamani, mnajua kuchagua maneno nyie. Mtu kazika mtoto jana, leo mnamtafutia nauli ya kwenda kupumzika.

Usinikatize, nakujua. Utasema mna nia njema. Najua mna nia njema, ndiyo maana nimeudhika hivi. Mngekuwa watu wabaya ningewafukuza na ufagio nikarudi jikoni kwangu. Na najua kwa nini mmenichagua mimi. Mmesema, bibi naye alifiwa na mtoto wake wa kwanza, anaujua uchungu, atajua namna ya kuongea na mwenzake. Hapo mmepatia. Ila hamjui nilifiwa siku gani, wala niliambiwa nini. Baba yako mwenyewe hajui, sijawahi kumsimulia.

Babu yako aliponioa alinitoa hapa Bagamoyo mjini akanipeleka ndani huko, mbele ya Fukayosi, kijiji nitakachokiacha bila jina kwa sababu watoto wa watu wale bado wapo na hawana kosa. Wenyeji wake walikuwa Wakwere, wakulima wa mihogo na ufuta, Waislamu karibu wote. Sisi Wakristo tulikuwa nyumba chache tu, na kakanisa ketu ka udongo. Lakini tuliishi vizuri, usidhani vingine. Wakati wa Idi tulikula kwao, wakati wa Noeli walikula kwetu, na mabenchi ya kanisani tuliyaazima kutoka madrasa.

Padre alikuwa anakaa huku mjini, alikuja kwetu kwa pikipiki, akifika amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Siku ya Noeli yenyewe hakuwahi kuja, maana vigango, vile vikanisa vya vijijini, vilikuwa vingi naye ni mmoja. Mwaka ule ndio kwanza akasema, haya, Noeli hii asubuhi nitasali kwenu. Wee! Ungeona hali ilivyokuwa. Tulipaka chokaa, tukafunga makuti mlangoni, tukafinyanga pango la udongo na Mtoto wake, na ng'ombe wake na punda wake. Nilimfinyanga yule punda kwa mikono yangu, huku mwanangu Rafaeli akining'inia mgongoni ananivuta nywele. Alikuwa ameanza kutembea kwa kushika ukuta, na bado ananyonya.

Akapatwa na homa. Siku moja kabla ya Noeli ikapanda vibaya, mwili unachoma, macho yanapinduka. Babu yako hakuwepo, alikuwa Msata anapakia mkaa kwenye malori. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaenda zahanati. Imefungwa. Nikabisha, nikazunguka nyuma, nikaita. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita akaniambia, mganga kapanda gari la asubuhi kaenda mjini kuchukua suti yake kwa fundi, kesho ni Noeli. Na ufunguo? Anao yeye mfukoni. Nikachungulia dirishani, mwanangu. Maboksi ya dawa nikayaona kwa macho yangu, yamepangwa vizuri kwenye rafu.

Nilikaa pale barazani nikimsubiri mpaka jua likawa la utosi. Hakutokea. Nikaamua kurudi nyumbani nimkande na maji. Nilipomshusha Rafaeli mgongoni, alikuwa ameshakwenda.

Acha, usininyamazishe. Nimeshalia, sasa nasimulia.

Sasa ujue desturi ya kule. Mtu akifa, hakuna anayetuma taarifa. Mwenye msiba anapiga yowe. Kila anayelisikia anaacha jembe shambani, anaacha chungu jikoni, anakuja mbio. Halitafutwi kabila hapo wala dini. Yowe likishapigwa, msiba ni wa kijiji kizima. Lisipopigwa, basi hakuna msiba, uko peke yako na maiti yako.

Nilivuta pumzi nipige yowe. Mwenyekiti wetu wa kigango akawa anaingia. Alikuwa ameniona nikipita, akahisi kuna jambo, akaja na kina mama wawili wa kanisani. Mtu mwema yule mzee. Ndiye aliyetupa mahali pa kulala tulipofika kijijini. Alipomwona mtoto machozi yalimtoka, nakwambia kweli. Kisha akapiga magoti, akanishika mkono, akasema, "Mama Rafaeli, nakuomba kama mwanangu. Ukipiga yowe sasa, kijiji chote kitahamia hapa. Kesho Padre atafika akute kanisa tupu. Na hawa majirani zetu watasema Noeli yetu ina nuksi. Vumilia mpaka misa iishe, halafu tutalia wote."

Nami nilikuwa nani? Msichana mgeni, sina mama pale, sina shangazi, mume yuko safarini. Mzee amenipigia magoti. Mmoja wa wale kina mama akanikunjia pindo la khanga akaniambia, "Ng'ata hapa, mwaya, ikikuzidi." Nikang'ata. Wakakaa na mimi kunilinda nisilie, na walifanya hivyo kwa upendo kabisa, wakinipepea na kunipa maji. Ndiyo maana nikisikia kamati imekaa kwa upendo, nauliza kwanza imekaa kumlinda nani.

Kulipokucha wakavaa nguo zao mpya wakaenda kanisani. Nikabaki na Rafaeli kitandani, nimemfunika khanga. Nasikia kwaya inaimba, ngoma zinapigwa, vigelegele. Ile sauti ya pili ilikuwa yangu, nikasikia pengo langu kabisa katika wimbo. Nikawa nawachukia wote mmoja mmoja kwa majina, na yule mtoto wa udongo kwenye pango naye nikamchukia. Kwake yeye wanapiga vigelegele, na wangu nimeambiwa nimfiche.

Hodi ikapigwa. Alikuwa Bi Mwanaidi, jirani yangu wa nyumba ya pili, bibi wa Kikwere, mkali kama pilipili mbuzi, Mwislamu wa sala tano. Ameshika sahani ya wali wa nazi imefunikwa kawa, amekuja kunipa mkono wa sikukuu.

"Mama Rafaeli! Sikukuu njema! Mbona hukwenda kusali?"

"Sijisikii vizuri, bibi."

"Na mume wangu Rafaeli yuko wapi?" Ndivyo alivyomwita, utani wa bibi na mjukuu.

"Amelala."

Bi Mwanaidi alinitazama kifuani. Gauni langu lilikuwa limelowa maziwa mpaka tumboni, nami sikuwa na habari. Akaweka sahani chini polepole. "Mtoto gani analala na mama yake yuko hivi?" Akapita, akaenda kitandani, akafunua khanga.

"Tangu lini?"

"Jana mchana."

"Jana! Nami niko hapo uani napepeta mchele! Nani kakufunga mdomo?"

Nikamwambia. Wamesema mpaka misa iishe.

Mwanangu, sijawahi kusikia yowe kama lile. Alitoka uani, akaweka mikono kichwani, akalipiga. Ngoma za kanisani zikanyamaza katikati ya wimbo. Wakaanza kuja. Wa mashambani wakaja, wa kisimani wakaja, na kanisa lote likamwagika nje na Padre mbele, amevaa vazi lake jeupe la sikukuu.

Mwenyekiti akatangulia ili aeleze. Bi Mwanaidi hakumpa nafasi. "Mzee mzima wewe, huoni haya? Mnashangilia mtoto kazaliwa, na huku mmemfungia mwenzenu ndani na maiti ya mtoto! Sisi siku ya Idi tukifiwa, tunazika. Idi haijawahi kumkataa maiti. Noeli yenu ina nini isiyoweza kuvumilia mtu akilia?"

Mwenyekiti akamgeukia Padre, akasema kwa sauti ndogo, "Padre, tuliogopa kukuharibia misa."

"Misa yangu?" Padre akasema. "Ungeniharibia misa yangu?" Akarudia kama mtu asiyeamini masikio yake. Akaingia ndani, akapiga magoti sakafuni na vazi lile lile, akambariki Rafaeli. Mtu mmoja mlangoni akasema yale wanayosema watu, kwamba tumshukuru Mungu, ni mapenzi yake. Padre akageuka na hasira ambayo sikuijua kwake. Alikuwa ameshaniuliza kilichotokea, nami nimeshamwambia habari ya zahanati. Akasema, "Mungu hakuifunga zahanati. Ufunguo uko mfukoni mwa mtu." Watu wakatazamana. Mganga hakutoka kanisani. Alibaki humo amekaa kwenye benchi la mbele na suti yake.

Kisha Padre akaniambia, "Sasa lia, mwanangu."

Na sikuweza. Hapo ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, Stela. Nilifungua mdomo, hakuna kitu. Nilikuwa nimekibana mno kile kilio, kikagoma. Bi Mwanaidi akanililia yeye. Vijana wa Kiislamu wakachimba kaburi, tukazika jioni ile, babu yako, aliyefuatwa Msata, kawahi dakika za mwisho na masizi ya mkaa usoni, na mimi nimesimama pale macho makavu. Watu wakaanza kunong'ona, huyu mwanamke ana roho ngumu. Nikarudi nyumbani nikakaa natazama ukuta. Sikula, sikulala, sikujibu mtu. Babu yako aliogopa akadhani nitarukwa na akili, na nakwambia wazi, nilikuwa njiani.

Sasa wewe umesoma katekisimu, hebu niambie, siku ya tatu baada ya Noeli kanisa linakumbuka nini? Unaona? Mnazijua noti zote za Noeli lakini hilo hamlijui. Ni siku ya Watoto Mashahidi, wale wa Bethlehemu waliouawa na Herode. Noeli haijaisha, pango bado lipo, na padre anavaa nyekundu. Hakuna aliyemtegemea siku hiyo kijijini, lakini nikasikia pikipiki. Padre karudi peke yake. Kasema hakuja kwa ajili ya kigango, kaja kwa ajili yangu, anayetaka kusali aje.

Wakaja. Hata kina mama wa Kiislamu wakaja, wakasimama mlangoni na mabuibui yao, Bi Mwanaidi mbele. Padre akasoma habari ya Herode na wale watoto, na yule mama anayewalilia wanawe na hataki kutulizwa. Kisha akafunga kitabu, akasema maneno machache tu. Alisema mama huyu yumo katika Noeli tangu mwanzo, waliomwandika katika Injili hawakumwambia asubiri. Wala hakuna aliyemwambia ajikaze. Kaachwa pale alie, na Mtoto wa pangoni kapita katikati ya kilio chake.

Basi sauti ikaja, mwanangu. Nikasikia mtu anapiga yowe, nikajiuliza ni nani huyo, kumbe ni mimi. Nililia mpaka nikaanguka chini, Bi Mwanaidi akaingia kanisani na viatu vyake mkononi akanishika. Nikamlilia Rafaeli, nikayalilia yale maboksi ya dawa, nikamlaani mganga kwa sauti mbele ya altare, na Padre hakunikanya. Siku ile ndiyo nilikula. Siku ile nililala. Na usiniulize kama nilimsamehe yule mganga. Alihamishwa, hakuja hata kunipa pole. Nimejaribu kumsamehe, kuna siku naweza na kuna siku siwezi, na Mungu analijua hilo.

Lakini yule mtoto wa pangoni tulipatana siku ile ile. Mpaka leo nikiimba nyimbo za Noeli ninaimba kwa roho yote, nyie wenyewe mnasema bibi ana sauti. Ninaimba kwa sababu niliruhusiwa kulia. Nisingelia ile siku, ningekuwa kanisani siku zote kama lile benchi tu, nipo lakini sipo.

Sasa turudi kwa Neema wenu. Mnaogopa nini? Mnaogopa wageni wa Dar watasikia kuwa Bagamoyo watu wanakufa? Kwao hawafi? Mnataka furaha ambayo ukiigusa na chozi moja tu inayeyuka, basi hiyo si Noeli, hiyo ni keki. Na wewe umekaa hapa unaniambia habari za vipaza sauti, hujaniambia hata jina la mtoto. Unalijua? Hulijui. Basi mimi nalijua, anaitwa Danieli, alikuwa ananunua ubuyu kwa yule mama wa kona na kuja kuula hapa barazani kwangu.

Na lingine ninalolishangaa ni hili. Kamati nzima imekaa kutafuta pa kumhamishia Neema, hakuna hata mmoja aliyekaa kutafuta lile gari. Wenye maduka wa barabarani mmewauliza? Bodaboda mmewauliza nani aliona namba? Polisi mmekwenda naye, au mmemwacha aende peke yake na macho yake yamevimba? Aliyeua amekwenda kula sikukuu yake, na anayehamishwa ni aliyefiwa. Nyie watoto!

Nisikilize basi, nimalize, maana nimechoka na bado nina safari.

Mtu akipatwa na msiba siku ya furaha yako, usimwambie asubiri, hata kwa upole, hata kwa magoti. Kilio kina wakati wake, ukikikatalia leo hujui kama kesho kitamtoka au kitabaki ndani kimuue. Usimtupie Mungu mzigo wa mtu aliyekimbia na ufunguo au aliyekimbia na gari. Uovu uite uovu, hata siku ya Noeli, tena hasa siku ya Noeli, maana huyo mnayemshangilia alizaliwa huku Herode yuko macho. Wala usiache kuimba kwa sababu ya msiba. Imba, lakini anayelia awe na mahali pa kukaa mle mle mnamoimbia. Kesho jina la Danieli lisomwe kwenye misa kabla ya wimbo wa kwanza. Mwambie mwenyekiti wa kamati yenu bibi kasema. Akikataa, mwambie nitakuja kulisoma mwenyewe, na kipaza sauti sihitaji.

Mimi kwa Neema naenda, kama mlivyotaka. Ila siendi kumhamisha. Naenda kukaa naye chini mpaka misa ya kesho, na akitaka kwenda kanisani ataingia na kilio chake na mimi nimemshika, kama nilivyoshikwa.

Njoo hapa nikubariki, usinung'unike. Mungu akujalie Noeli nyingi za furaha, mwanangu. Akupe watoto na akutunzie. Na ikija siku yako ya kulia, maana itakuja, akupe jirani kama Bi Mwanaidi, atakayeingia bila kungoja kukaribishwa. Amina.

Haya, nipe ile khanga nyeusi hapo kwenye kamba, na uchukue mkeka. Mkubwa, huo mdogo hautatutosha. Mbona unashangaa? Kamati imetutuma kwa Neema, twende kwa Neema. Utakaa upande wake wa kulia, mimi wa kushoto, na akipiga yowe, wewe si ndiyo sauti ya kwanza ya kwaya? Utamwitikia.